Mahamri mawili na mbaazi: wanga nahesabu, mbona sukari ya mwanangu yaruka saa nne?

#1 MamaSwabra (Langoni, Lamu), Jumapili usiku
Salaam wanajamvi. Binti yangu ana miaka 9, kisukari cha sindano kilimpata Ramadhani ya mwaka jana. Kliniki walinifunza kuhesabu wanga: kila gramu 20, uniti 1 ya insulini. Asubuhi anakula mahamri mawili na mbaazi, chai ya rangi bila sukari. Nimeambiwa hamri moja ni gramu 20, kwa hivyo mawili ni 40, namdunga uniti 2. Saa moja sindano, saa moja hiyo hiyo mkono uko kwenye sahani, maana skuli haimngojei mtu.

Khalati yake, yaani dadangu, anasomesha pale pale skuli, humpima wakati wa mapumziko saa nne. Mashine (ya mmol/L) inasoma 15, 16, juzi 16.8. Akirudi kula mchana saa saba ni 6 au 7. Usiku hapana shida. Ni asubuhi tu. Hesabu yangu ina kombo wapi?

Naomba wanijibu wenye watoto wa aina hii. Sio "babu yangu alikuwa na sukari akanywa mlonge".

#2 BabaKaingu (Muyeye, Malindi)
Pole dada. Swali moja kabla ya yote: mahamri wapika mwenyewe au wanunua?

#3 MamaSwabra
Nanunua kwa jirani. Alfajiri nani ana muda wa kukanda unga?

#4 Upawa (Malindi)
Basi mchawi ashapatikana. Mimi nina kijana wa miaka 11, mahamri nakanda mwenyewe na mizani ninayo. Unga wa ngano nusu kilo una wanga wa gramu 375 hivi. Sukari natia gramu 125, na sukari yote ni wanga. Tui linaongeza kama 10. Jumla 510. Nikikata donge vipande 24, kila hamri ni 21, ndiyo ile 20 uliyoambiwa kliniki. Jirani yako akikata vipande 16, kila moja ni 32. Mawili ni 64, na wewe umedunga ya 40.

Halafu mbaazi umeziruka kama vile ni maji. Nusu kikombe cha mbaazi zilizoiva kina wanga wa gramu 20 hivi, ukitoa nyuzinyuzi zinabaki kama 14. Jumlisha mwenyewe.

#5 MamaSwabra
Mbaazi si kitoweo jamani?

#6 Upawa
Kwenye sahani ni kitoweo. Kwenye damu ni wanga. Maharagwe, kunde, pojo, zote hivyo hivyo. Samaki wa kupaka ndiye kitoweo cha kweli, huyo hana wanga wa kuhesabu.

#7 TangaRaha
Habari za huko wakuu. Samahani kuingilia, mahamri si ndiyo maandazi? Kwetu andazi moja linashibisha fundi.

#8 Mwanalangoni (Lamu)
Yarabi. Andazi ni andazi, hamri lina tui na iliki, likipasuka ndani pana tundu unatia mbaazi. Rudi Tanga ukaulize wazee.

#9 TangaRaha
😂 Nimekoma. Lakini tundu nalo mnalihesabia wanga?

#10 NesiMstaafu (Malindi)
Tundu halihesabiwi, endeleeni kuchekeshana.

Upawa, hesabu yako ni safi lakini haielezi jambo moja. Mtoto akipewa insulini pungufu ya chakula, sukari hupanda na hubaki juu. Huyu saa saba yuko 6. Imeshuka wapi? Kwangu mimi hii ni habari ya saa, si ya gramu. MamaSwabra, insulini anayodungwa asubuhi ni ipi? Maji meupe au ile inayofanana na maziwa?

#11 MamaSwabra
Zote mbili Bi Nesi. Maji meupe asubuhi, mchana na jioni. Ya maziwa asubuhi na usiku.

#12 NesiMstaafu
Haya. Hayo maji meupe, kama ni insulini ya kawaida ya zamani na si ile mpya ya haraka, huanza kazi baada ya nusu saa, na nguvu zake hasa ni kati ya masaa 2 na 4. Ndiyo maana huambiwa udunge nusu saa kabla ya kula. Wewe wadunga na hamri liko mdomoni. Unga mweupe na sukari vinafika kwenye damu kabla insulini haijavaa viatu. Saa nne umewakuta wanga wako mbele, saa saba insulini imewafikia. Ile mpya ya haraka ndiyo hutosha dakika 10 hadi 15 kabla. Tazama jina kwenye kichupa, na kliniki wakuthibitishie.

#13 Upawa
Bi Nesi nakuheshimu, lakini hiyo 6 ya saa saba inaweza kuwa kazi ya ile ya maziwa. Hiyo ni ya polepole, ya asubuhi hupamba moto mchana. Maji meupe yakawa yamepungukiwa na ile ya maziwa ikaja kuzima moto. Huwezi kuniambia hesabu ni sawa kwa sababu tu mwenye deni amelipiwa na mwingine.

#14 NesiMstaafu
Hapo umenishika kidogo. Kidogo.

#15 BabaKaingu
Mimi naona nyote mwapita pembeni. Mwanangu ana miaka 13. Chakula kile kile, gramu zile zile, akila saa moja asubuhi yuko 14, akila jioni yuko 8. Kliniki wakanieleza kuwa alfajiri mwili hutoa homoni za kumwamsha mtu, na hizo hupandisha sukari na kuifanya insulini iwe goigoi. Mtoto anayeanza kubalehe ndiyo mara mbili. Wakampa hesabu mbili: asubuhi uniti 1 kwa gramu 10, jioni uniti 1 kwa gramu 15. Mambo yakatulia, sio sana, lakini yakatulia.

Dada, hiyo 20 yako ni ya siku nzima?

#16 MamaSwabra
Siku nzima. Walichukua 500 wakagawanya kwa uniti zote za siku, 25, ikaja 20.

#17 BabaKaingu
Hiyo kanuni ya 500 ni pa kuanzia tu. Ni kama kumkatia mtoto kanzu kwa kukisia, unamvisha halafu ndiyo unarekebisha.

Na mshukuru Mungu umefunzwa kuhesabu. Sisi tulianza na ile insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole kichupa kimoja, asubuhi na jioni. Huko huhesabu lolote, unakula kwa saa: ikishaingia mwilini lazima chakula kiifuate, njaa iwepo isiwepo. Siku moja matatu ilikwama Gongoni, chakula cha mchana kikapita, mtoto akaanza kutetemeka kwenye kiti. Nilimnywesha soda ya abiria mwenzangu, sikumwuliza hata ruhusa.

#18 FundiFriji (Mokowe)
Nyote wataalamu, hakuna aliyeuliza insulini inalala wapi. Nimetengeneza friji za Lamu miaka mingi. Kaskazi hii, stima ikipotea kutwa, friji ni kabati tu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8. Kikifunguliwa, wiki 4 hivi mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, soma kikaratasi chake. Sasa boti kutoka Mokowe saa saba mchana, mkoba uko juani, ni nyuzi ngapi mle?

Na baridi nayo inaua. Dada yangu yuko Kizingitini, mumewe mvuvi. Alitoka Lamu na vichupa vitatu, akaona afadhali avitie kwenye kasha la barafu pamoja na samaki. Kufika, vimeganda. Wakaviyeyusha kwenye jua wakaendelea kudunga. Mtoto siku tatu sukari haishuki, anatapika, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Walirudi na boti usiku. Alipona alhamdulillah. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikionekana safi.

#19 MamaSwabra
Subhanallah. Lakini yangu ingekuwa imekufa, mbona usiku inafanya kazi?

#20 FundiFriji
Kichupa cha maji meupe ni kimoja, asubuhi na jioni?

#21 MamaSwabra
Kimoja. Kiko ndani ya mtungi, kwenye kibakuli, juu ya mchanga mbichi. Friji sina.

#22 FundiFriji
Basi mtungi wako ni bora kuliko friji nusu ya ninazozijua. Nimejitoa, endeleeni.

#23 MzeeBusara
Mwaumiza watoto kwa sindano na mahesabu. Ondoeni wanga wote: wali, ngano, muhogo. Mpe nyama, samaki na majani ya mlonge siku 40. Sukari haina pa kutokea.

#24 Upawa
Mama wa watu alisema mapema kabisa 😭

#25 NesiMstaafu
MzeeBusara, kwa heshima zote, dawa yako imeshajaribiwa. Kabla ya insulini kupatikana, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima watoto hawa wanga, na karibu chakula chote. Walikonda wakawa mifupa, wakaishi miezi, wachache miaka, kisha wakafa. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Aliingia hospitali akiwa na ratili 65 hivi, ambazo hazifiki hata kilo 30. Baada ya insulini aliishi miaka 13 zaidi.

Aina hii mwili hautengenezi insulini. Hata asipokula kitu anaihitaji, kwa sababu ini lenyewe hutoa sukari. Mlonge aupike mboga, ni mtamu na nazi. Sindano haiachwi, hata siku moja.

#26 Mwanalangoni
Pale mtaani kwetu kulikuwa na mtoto aliachishwa sindano akapelekwa kuombewa. Sitaki kuandika zaidi.

#27 KijanaShela (Lamu)
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye ugonjwa, niko kidato cha tatu, nadungwa tangu nikiwa na miaka 8. Mwazungumza unga na homoni, hakuna aliyeuliza saa nne mtoto wa skuli anafanya nini. Anakula ubuyu! Pakiti ya shilingi kumi, vidole vyekundu hadi kwenye kucha. Halafu khalati anakuja na mashine, anamtoboa kidole hicho hicho chenye sukari. Mashine haijui kama sukari ni ya damu au ya ubuyu.

Mimi nilishawahi kusoma 22 baada ya kumenya embe. Nikanawa kwa sabuni, nikarudia, 7.4. Ningejidunga kwa ile 22 ningekuwa historia. MamaSwabra, kabla ya kulaumu mahamri mtazame vidole.

#28 MamaSwabra
Ngoja kwanza. Nampigia dadangu simu.

#29 MamaSwabra
Anasema vilikuwa vyekundu. Wallahi nacheka na huku nalia.

#30 BabaKaingu
😂😂 Swabra huyo! Lakini ubuyu wa kwenye kidole umetoka wapi? Mdomoni pia umeingia.

#31 Upawa
Na wa mdomoni ni wanga bila sindano. KijanaShela umetuzidi akili.

#32 KijanaShela
Asante, lakini msimkataze ubuyu jamani. Mimi nilikatazwa kila kitu, nikajifunza kuficha. Darasa la saba nilikuwa nakula halwa chooni. Hesabuni, mumpe. Ukiniambia hiki kipande ni gramu 30, nitadunga ya 30. Ukiniambia haramu, nitakula na nisidunge.

#33 MamaSwabra
Hili limenichoma. Shukran mwanangu.

#34 BintFaza
Mie naona mgekula mkate wa mofa mngepumzika. Mofa ya mtama haina sukari, nyanya yangu alikula maisha yake yote.

#35 Upawa
Nyanya alikuwa na kongosho zima, linalotoa insulini yake lenyewe. Unga wa mtama una wanga unaokaribia kabisa ule wa ngano, gramu sabini na kitu kwa kila 100. Tofauti ni kuwa mofa haitiwi sukari nyingi na hupanda polepole kidogo. Ugali wa wimbi ni hivyo hivyo. Rangi nyeusi haiondoi wanga.

#36 BintFaza
Haya, lakini kwa utamu imeshinda mahamri.

#37 Mwanalangoni
Hapo sina la kubisha.

#38 KijanaShela
Nami nina swali. Jioni tukitoka chuoni tunaogelea hapo mbele, tunaruka kutoka gatini hadi maghrib. Usiku nakula wali wa nazi, nahesabu, nalala na 8. Saa tisa usiku naamka jasho tele, 3.1. Lakini siku ambazo siogelei, wali ule ule, asubuhi naamka na 13. Nashindwa nimfuate nani.

#39 NesiMstaafu
Hayo ni mambo mawili yanavutana. Mazoezi huendelea kuteremsha sukari masaa mengi baadaye, hata usiku wa manane, kwa sababu misuli inajaza akiba iliyotumika. Mafuta ya tui nayo hulichelewesha tumbo, kwa hivyo wanga wa wali wa nazi, biriani au chapati za mafuta hujitokeza saa nne au saa tano usiku, wakati insulini ya haraka inaondoka. Siku ya kuogelea, bahari inashinda. Siku ya kukaa, tui linashinda. Andika siku mbili za kila aina, masaa na namba, upeleke kliniki. Usijikatie dozi mwenyewe kwa kukisia.

Ikifika chini ya 4, sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, ngoja dakika 15, pima tena.

#40 BabaKaingu
Hapo kwa vijana sawa, lakini kwa mtoto mdogo vitatu ni vingi. Sisi tulipewa hesabu ya kilo: gramu 0.3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 27 ni gramu 8, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Tulikuwa tukimpa vitatu na chokoleti juu, tukawa tunashangaa mbona nusu saa baadaye yuko 15.

#41 NesiMstaafu
Kweli, nimesahihishwa. Na chokoleti si ya kupandishia sukari iliyoshuka, ina mafuta, inachelewa.

#42 TangaRaha
Na dafu je? Huku bibi yangu anasema dafu linapandisha upesi.

#43 Upawa
Maji ya dafu hayana wanga mwingi, dafu moja ni gramu 10 hadi 15 tu, kulingana na ukubwa. Kwa kiu ni zuri. Kwa sukari iliyoshuka usilitegemee, mtoto hawezi kulimaliza upesi. Maji ya miwa ndiyo moto.

#44 MamaSwabra, Jumatano
Nimerudi na majibu. Jumatatu tulidunga nusu saa kabla ya kula, nikamwamsha mapema akanuna. Saa nne alinawa kwa sabuni mbele ya khalati yake, bila ubuyu: 12.1. Jumanne tukachelewa, nikadunga na kula papo hapo, akanawa pia: 13.9. Leo nusu saa tena: 12.6.

Kwa hivyo ubuyu ulikuwa na lake, na saa ina lake. Lakini bado.

#45 NesiMstaafu
Umeona, saa imekupunguzia.

#46 BabaKaingu
Imepunguza kiduchu. Zinazobaki ni homoni za asubuhi, nilisema.

#47 Upawa
Au ni mahamri 16, nilisema kabla yenu nyote. Halafu msije mkadhani namtaka apime kila punje ya wali. Huko Australia waliwajaribu watoto kwa chakula cha gramu 60: ukikosea gramu 10 sukari haikuonyesha tofauti kubwa, ukikosea 20 ikaonyesha. Mimi wali napima kwa upawa, mmoja uliosawazishwa ni gramu 33 za wanga, nilipima mara moja basi. Kosa la MamaSwabra, kama nimekisia sawa, limepita 30. Hilo si la homoni.

#48 Mwanalangoni
Na anadungwa wapi? Wa kwangu alikuwa na vinundu pajani, ukipapasa ni kama donge la unga chini ya ngozi. Alipenda hapo kwa sababu hapaumi. Insulini ilikuwa inakaa mle, siku nyingine inatoka, siku nyingine haitoki.

#49 MamaSwabra
Asubuhi ni paja la kushoto. Kila siku, maana anakuwa ameshavaa buibui la skuli na ndilo lililo karibu... Nimempapasa sasa hivi amelala. Pana kitu. Kidogo, kama tende.

#50 Mwanalangoni
Hamisha dada. Tumbo, mkono, paja la pili. Hapo penye kinundu pumzisha kabisa. Lakini waambie kliniki mapema, maana ngozi safi hunywa insulini yote, dozi ile ile ikamteremsha.

#51 FundiFriji
Mpaka sasa tuna mahamri, mbaazi, saa, homoni, ubuyu na paja. Mtungi peke yake ndio umetoka bila kesi.

#52 MamaSwabra, Alhamisi
Kliniki ni Jumanne. Dadangu ameandika kila kitu kwenye daftari. Nimehamia tumboni, leo saa nne 11.4, saa saba 5.2, na nampima zaidi kwa lile alilonionya Mwanalangoni.

Mizani sina, nikaenda kwa sonara wa mtaani akanipimia mahamri kwenye mizani yake ya fedha. Kwanza alidhani nimekuja kuuza mkufu. La kwanza gramu 58. La pili, kikapu hicho hicho, asubuhi hiyo hiyo, gramu 71.

#53 Upawa
Kwa kipimo changu hilo la kwanza ni wanga 33 hivi, na la pili 40. Jumla 73, na mbaazi bado.

#54 BabaKaingu
Jirani anakata kwa jicho. Mwambie jirani akate sawasawa basi.

#55 MamaSwabra
Nimemwambia. Kasema mahamri yake watu wanakula miaka 20 na hakuna aliyewahi kuyapeleka kwa sonara.

#56 TangaRaha
😂😂😂 Na mbaazi ulizipima?

#57 MamaSwabra
Nilipotoka kwa sonara Swabra alikuwa ameshazila.